Maswali Arobaini na Moja ya Bi Vajda

Katika jengo letu la Wexcombe, pale Kew Gardens, jirani na Brooklyn, hakuna aliyempenda Lenore Vajda, na hakuna aliyethubutu kulifikiria jengo bila yeye. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mwenyekiti wa bodi ya ushirika wetu wa wenye nyumba. Kila uchaguzi ulipokaribia watu walinung'unika ndani ya lifti, wakaapa kwamba safari hii basi, halafu wakampigia kura tena, maana ni nani mwingine angeamka alfajiri ya Januari kumsubiri fundi wa boila? Mimi nilikuwa katibu wake kwa miaka kumi na tisa kati ya hiyo. Naitwa Perla Toledano, wa 5A, chini yake kabisa. Zamani nilikuwa napanga zamu za madereva kwenye karakana ya mabasi ya jiji, kwa hiyo watu wenye sauti hawanibabaishi. Lenore hakuwa na sauti, na alinibabaisha.

Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye sweta la kijivu lenye mifuko miwili. Mfuko wa kulia ulikuwa na kitambaa, wa kushoto futi ya fundi. Kanuni ya jengo inasema sehemu nne kwa tano za sakafu ya kila nyumba zifunikwe zulia, ili wa chini apumzike na nyayo za wa juu. Majengo mengine husoma kanuni kama hiyo mara moja na kuisahau. Lenore alikuja kupima. Siku moja alipiga magoti sebuleni kwangu, akakokota futi yake kutoka ukuta hadi ukuta, akanikuta nimepungukiwa shubiri mbili chini ya dirisha. Nilimwambia aniache, sakafu ile mimi ndiye ninayeikanyaga. Kesho yake alirudi na kizulia cha bafuni, cha rangi ya waridi, akakitandika mwenyewe chini ya dirisha na kuondoka. Kiko pale mpaka leo na bado kinaniudhi.

Na hapo sijagusa habari ya usaili. Kwetu hununui nyumba ukahamia hivi hivi. Unaleta makaratasi yako yote, unaleta barua za watu sita wanaokufahamu, kisha Jumapili moja alasiri unakaa kwenye benchi la ukumbini, umevaa kama unakwenda kuzika, mpaka bodi ikuite kwenye chumba cha nyuma. Bodi ikikukataa haikupi sababu, na wewe huulizi. Madalali huwafunda wateja wao kabla: jibu kwa neno moja, usicheke, usiulize, usisifu kitu. Lenore aliwahi kumkataa bwana mmoja mpole kabisa kwa kuwa aliyasifu madirisha. Aliniambia kwamba huyo akishaingia tu atataka kuyabadilisha.

Maswali ya usaili aliyatunga mwenyewe, akayapiga chapa kwenye kurasa mbili. Yalikuwa arobaini na moja. La tisa lilitaka kujua kama unapiga ala yoyote ya muziki, na kama unaipiga vizuri. La kumi na nne lilikuwa juu ya uzito wa mbwa. Lililoogopwa kuliko yote lilikuwa la ishirini na sita: "Je, umewahi kumiliki, kutumia au kuficha mashine ya kufulia ndani ya nyumba ya ghorofa? Eleza." Mashine za kufulia ndani ya nyumba ni haramu kwetu. Jengo ni la mwaka 1928, la kabla ya vita, na tunajivunia hilo mpaka wageni wanachoka. Kuta ni nene, unaweza kugombana na mumeo kutwa nzima na jirani asisikie neno. Mabomba lakini ni ya mwaka huo huo, na hayawezi kumeza povu. Nguo tunafua wote kule chini ya jengo, kwenye mashine nne za pamoja, na pale ndipo kila mtu anapoona shuka za mwenzake. Neno "kuficha" Lenore aliling'ang'ania siku bodi ilipotaka kulifuta. Kuna mume na mke waliolicheka swali hilo. Wanaishi Brooklyn sasa.

Mumewe, Sandor, alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa mshonaji wa suti, Mhungaria aliyekuja mjini akiwa mdogo, na miaka yote niliyomfahamu hakuwahi kushuka kuchukua barua bila kufunga tai. Ukikutana naye alikurekebisha kola yako kwa vidole viwili, akaomba radhi kwa kukugusa, na wewe ukaondoka unajiona mtu. Wanawake wa jengo zima walimpenda, na mimi nikiwemo, sioni haya kusema.

Miaka sita iliyopita waliikarabati nyumba yao, 6A. Ukarabati ulichukua miezi minane na ulinitia wazimu, lakini ulipokwisha hata mimi nilinyamaza. Matao ya plasta kati ya ukumbi na sebule yalikuwa yamekwanguliwa rangi za miaka tisini mpaka mapambo yake yakaonekana tena. Sakafu ya mwaloni iling'arishwa, vipande vyake vimepangwa kama mkeka uliosukwa. Vitasa vya kioo vilirudishwa. Jiko lilikuwa jipya lote, na kabati zake zilipanda hadi dari. Lenore alitutembeza humo wakazi wote wa jengo, kundi baada ya kundi, akatuonyesha kila mlango isipokuwa mmoja mwembamba pembeni mwa jiko, uliokuwa na kufuli. Nilipouliza, alisema ni kabati la mifagio. Nikajisemea moyoni kwamba anaficha chupa, amekuwa mlevi uzeeni, na nikamwonea huruma kidogo.

Mwaka huo huo sinki langu likaanza kutoa povu.

Lilikuwa linakuja asubuhi, saa kumi na mbili, karibu kila siku. Nimesimama nangoja kahawa, mara tundu la sinki linakoroma, na povu linapanda jeupe, zito, lenye harufu ya lavenda. Nilipandwa na mori. Nilimwita Besnik, msimamizi wetu wa jengo, Mwalbania wa maneno machache, akaja na pampu yake ya mkono, akatazama, akakuna shingo na kusema labda bomba limezeeka. Nikamwita Lenore. Alikuja mbio. Aliinama, akanusa povu lile, akalichukua kwenye ncha ya kidole, akanitazama kwa macho makavu na kusema kwamba jambo hili atalifikisha mwisho.

Juu yangu kwenye mstari wa A kuna nyumba mbili tu, ya Lenore na ya Daktari Tadeusz Krol wa 7A, daktari wa meno, mseja, mtu mkimya mwenye masikio makubwa. Basi ni nani mwingine angekuwa? Sikumtilia shaka mwenyekiti hata dakika moja, ingekuwa sawa na kumshuku askari kwamba kaiba gari la polisi. Lenore alimwandikia Krol barua. Krol akajibu kwa heshima kwamba hana mashine. Akamwandikia ya pili. Aliingia nyumbani kwake na tochi, yeye na Besnik, wakafungua kila kabati wasikute kitu ila tangi la samaki, na barua ya tatu ikawa juu ya uzito wa tangi. Zilifika barua kumi na moja kwa miaka minne. Kule chini kwenye mashine za pamoja wanawake walilichungulia kapu la nguo la Krol na kuhesabu soksi, kuona kama zinatosha za mtu asiye na mashine yake. Mimi nilichungulia kuliko wote, na kila nilipokutana naye kwenye lifti nilimpa vidonge vyake. Aliinamisha kichwa tu na kushika kofia. Ukimya ule niliuona ni ushahidi wa kutosha.

Majira ya baridi ya mwaka juzi Sandor akafariki. Tulimzika siku ya theluji, na mwanawe Miklos akaja kutoka New Jersey na gari kubwa. Kipindi hicho hicho povu lilikoma. Lenore akasema barua zimefanya kazi, mimi nikasema ilikuwa wakati wake, na tukafunga faili. Mwaka uliofuata watu walimchagua Daktari Krol awe makamu mwenyekiti wa bodi. Walimchagua kwa huruma, nadhani. Lenore hakupinga, na hilo lilinishangaza.

Sasa tuje kwenye mwaka huu. Lifti yetu, ambayo nayo ni ya kabla ya vita, imehukumiwa. Inang'olewa yote, na kuweka mpya kutachukua miezi sita, labda nane. Lenore ana miaka sabini na tisa na magoti yake yamekwisha kwa kupima mazulia ya watu. Kutoka ghorofa ya sita angeshuka mara moja na asipande tena. Miklos akasema jawabu ni jepesi, mama ahamie kwake New Jersey, kuna chumba, kuna bustani, kuna kila kitu isipokuwa kitu cha kufikia kwa miguu. Lenore alinieleza hayo akiwa amekaa jikoni kwangu. Kwa miaka hamsini na mmoja hajalala mahali pengine zaidi ya wiki mbili. Alikuwa na woga, na mimi sikuwahi kumwona na woga.

Nyumba 1B, ya chini kabisa, ikawa wazi. Ilikuwa ndogo, ya chumba kimoja, na hakukuwa na ngazi hata moja hadi mlango wa barabarani. Familia moja iliitaka 6A yake hata kabla hajamaliza sentensi. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja: kununua 1B ni kununua nyumba, na anayenunua nyumba Wexcombe anapita mbele ya bodi. Tulimwambia mtu kama yeye hahitaji kusailiwa, tutatia saini tu yaishe. Akaja juu. Aliuliza kama kanuni zimeandikwa kwa ajili ya wageni peke yao. Akasema atamwachia Krol kiti kwa shauri hilo mara faili litakapokamilika, na akaanza kukusanya makaratasi kama mwombaji yeyote.

Wiki zile nilicheka mpaka mbavu zikauma. Maombi hupelekwa kwa mwenyekiti akague kama yamekamilika, na alipoyakagua ya kwake kabla ya kumkabidhi Krol kiti aliona ukurasa wa saba hauna saini. Akamrudishia mwombaji faili, yaani yeye, pamoja na barua kali ya kumtaka awe makini. Besnik aliibeba ile bahasha kutoka mlango wa 6A hadi kwenye sanduku la barua chini na kuirudisha 6A, kwa kuwa utaratibu ni kwamba ipite kwenye sanduku. Mimi nikaombwa kuandika moja ya barua sita za udhamini. Niliandika kwa moyo wangu wote. Akanirudishia.

"Perla, umenisifu mno," akasema. "Hii inanuka uongo."

"Nimeandika wewe ni mwaminifu. Huo nao uongo?"

"Andika tu: nalipa michango yangu kwa wakati na sina mbwa," akasema. Nikamjibu kwamba nikiandika hivyo hizo ni habari zangu. Akasema basi niandike zake. Nikaandika.

Jumapili ikafika. Tulikaa watatu kwenye chumba cha nyuma: Daktari Krol kwenye kiti cha mwenyekiti, mimi na daftari la kumbukumbu, na Indrani Sukhdeo wa 2F, nesi kutoka Guyana, ambaye huja kwenye vikao akiwa bado na viatu vya kazini. Krol alinituma nimwite. Lenore alikuwa kwenye benchi, amevaa koti la bluu la mazishi ya Sandor, mkoba mapajani, magoti pamoja. Alikataa nimshike mkono, akaingia, akasimama mpaka alipoambiwa akae.

Krol alisema kwa upole kwamba wanajuana, kwa hiyo wanaweza kuyaruka mengi. Lenore akasema kuna maswali arobaini na moja. Basi Krol akavaa miwani na kuanza. Sijawahi kuona mwombaji hodari namna ile. Alijibu kwa neno moja, hakucheka, hakusifu kitu, alitazama ukuta. Anapiga ala? Hapana. Anafuga? Hapana. Wageni wake huondoka saa ngapi? Hana wageni. Je, anafahamu kwamba zulia linatakiwa kufunika sehemu nne kwa tano? Hapo alitazama dari kama aliyetukanwa, akasema anafahamu. Indrani aliuma midomo asicheke. Nami niliandika huku nikiwaza nitapika nini jioni, kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha, tulikuwa tunacheza tu.

Krol akafika la ishirini na sita. Alilisoma haraka haraka, chini kwa chini, akawa tayari anafungua kinywa kusoma la ishirini na saba.

"Ndiyo," akasema Lenore.

Krol hakuinua macho. "Tunaweza kuendelea, Bi Vajda."

"Hujaniuliza nieleze. Swali linasema eleza."

"Si lazima ku—"

"Kumiliki, ndiyo," akasema Lenore. "Kutumia, ndiyo. Na kuficha. Iko jikoni kwangu, kwenye kabati la mifagio. Iliingia kwenye sanduku lililoandikwa vigae. Miaka sita sasa."

Kalamu ilinianguka. Nilijaribu kukaa kimya kama katibu, nikashindwa.

"Lavenda!" nikasema. "Miaka minne nimekunywa kahawa yangu imesimamiwa na povu lako! Uliinama kwenye sinki langu ukalinusa!"

"Nililinusa."

"Ukaniambia utalifikisha mwisho!"

"Nimelifikisha, Perla. Leo."

Nilikuwa mbogo. Nilimwambia nilichofikiria juu yake, juu ya kizulia chake cha waridi na juu ya Besnik na pampu yake ya uongo, maana ni nani mwingine angeiunganisha mashine ile. Nilimwambia amewatupa nje watu wazuri kwa swali hili hili huku yake ikizunguka. Alisikiliza yote bila kupepesa. Nilipoishiwa pumzi, Indrani, ambaye hajawahi kupaza sauti katika kikao chochote, aliuliza kitu kimoja tu. Aliuliza, "Zilikuwa shuka?"

Lenore alimtazama, na uso wake ukabadilika. "Kila asubuhi," akasema. "Shuka, suruali, kila kitu. Ilianza wakati mafundi wako ndani. Sandor alikuwa analia, Indrani. Mtu aliyekuwa akipiga pasi hata kamba za viatu. Angeniona nazibeba kushuka nazo chini, kila siku, mbele ya wanawake wote, na Perla amekaa pale..." Hakunitazama. "Alisema heri afe. Basi nikanunua mashine. Kanuni ni nzuri, niliitunga mimi, na ningeivunja tena. Alipofariki niliichomoa. Sikuweza kuitoa bila kueleza. Sasa nimeeleza."

Nilitaka kumchukia bado na sikuweza, maana alikuwa amesema kweli juu yangu. Ningeziona shuka zile. Ningezihesabu. Kufikia saa sita mchana jengo zima lingejua, nami ningesimulia kwa masikitiko makubwa.

Lenore akasimama. Alisema kifungu cha nane kinataka mwombaji atoke wakati bodi inajadili, na kwamba kusema uongo au kuvunja kanuni hii ni sababu tosha ya kumkataa mtu, asije mmoja wetu akasahau. Akaongeza kwamba Miklos ameshapaka chumba rangi. Akatoka, akafunga mlango taratibu.

Nilimgeukia Krol, kwa kuwa shauri sasa lilikuwa lake. Barua kumi na moja, tochi kabatini, mimi na ulimi wangu kwenye lifti. Mtu yeyote angetaka fidia ya hayo, na New Jersey ilikuwa pale inangoja. Nikamwambia kwa haya kwamba akiamua kukataa hakuna atakayemlaumu.

Alivua miwani. "Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, Daktari?"

"Mashine iko chini ya kitanda changu kabisa. Kuta zetu ni nene, Bi Toledano, lakini sakafu ni habari nyingine. Kila saa kumi na mbili asubuhi kitanda kilikuwa kinasogea kuelekea dirishani."

"Na barua ulizipokea? Zote?"

Akasimulia, akiifuta miwani ile ile tena na tena. Wakati wa ukarabati aliingia kwenye lifti akamkuta Sandor peke yake, amevaa tai, ameshika gazeti mbele yake kwa mikono miwili. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye viatu. Sandor alisema, "Daktari, chai imenimwagikia." Krol akajibu kwamba vikombe vya siku hizi havina maana. Kisha akavua koti lake refu, akasema anaona joto, akamwomba Bwana Vajda amshikie mpaka juu. Sandor akalishika mbele yake. Wakapanda hivyo, wakizungumzia hali ya hewa, na Sandor akatoka nalo. Alilirudisha baada ya siku mbili likiwa limepigwa pasi, na kifungo kilicholegea kimekazwa. Wiki chache baadaye mashine ikaanza kuzunguka.

"Kama ningesema si mimi kwa nguvu zote, mngemtafuta nani?" akauliza. "Nyumba ziko mbili tu. Na barua haziui mtu."

"Hata ile ya samaki?"

Alifikiri. "Ile iliniudhi," akasema.

Indrani alikuwa anafuta macho kwa mkono wa koti lake la kazi. Krol akasema anatoa hoja kwamba Bi Vajda akubaliwe, kwa sharti la mashine kutolewa kabla lifti haijafungwa, na akaomba mambo mawili. La kwanza, maneno yake yasiingie kwenye kumbukumbu. La pili, Lenore asiambiwe kamwe. Nilipinga. Nilisema mwanamke yule atakufa akidhani amemwonea mtu asiyejua lolote, na yeye Krol atakosa hata shukrani moja.

"Akijua kwamba nilijua," akasema Krol, "atajua kwamba Sandor alionekana."

Tukapiga kura, tatu kwa hakuna. Nilichana ukurasa kutoka kwenye daftari, mara ya kwanza kwa miaka kumi na tisa, nikautia mfukoni na kutoka kwenda ukumbini.

Alikuwa amekaa vile vile, mkoba mapajani. Aliuliza tumechukua muda gani. Nikamwambia dakika ishirini. Akasema yeye alikuwa akiwaweka watu dakika arobaini, nikamkumbusha alidai inawafunza adabu, akasema benchi hili ni gumu mno, hakujua. Ndipo nikamwambia amekubaliwa. Hakufurahi wala kulia. Mabega yake tu yalishuka, nikaketi karibu naye ili kama ataanguka aniangukie mimi.

"Nani alipinga?"

"Hakuna."

"Hata Krol?"

"Krol ndiye aliyetoa hoja. Mashine itoke kabla ya lifti, basi."

Aliangalia viatu vyake kwa muda. "Barua kumi na moja, Perla. Nilikuwa nazipiga chapa pale jikoni, mashine inazunguka nyuma yangu."

"Ulimwonea."

"Nilimwonea. Nitapanda kumwomba radhi, magoti yakitaka yasitake." Kisha akanigeukia, na sauti yake ikawa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. "Anaishi juu pale pale. Unadhani alishuku?"

Wote wanaonijua watakwambia siri kwangu haikai. Nimevunja uchumba mmoja na kuharibu sherehe tatu za kushtukiza kwa sababu ya kinywa hiki. Na hii haikuwa siri ya aibu, ilikuwa habari nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisikia katika jengo lile, ilinijaa kifuani na kutaka kutoka yenyewe. Iliniuma kuizuia, nasema kweli.

"Krol?" nikasema. "Yule akifika nyumbani anaongea na samaki. Angeshuku nini?"

Akashusha pumzi ndefu, akaufungua mkoba akatoa kitambaa, akakishika tu.

"Sandor alikuwa ananiuliza," akasema. "Kila siku, mpaka wiki ya mwisho. Lenore, kuna mtu anajua? Namwambia hakuna."

"Basi ulimwambia kweli," nikasema.